Eastlands inaunda sanaa, wageni wanalala kwingine

Mwaka 2022, watu 738,000 walizuru documenta, maonyesho ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka 5 mjini Kassel, Ujerumani. Kassel ni mji wa chuo kikuu wenye wakazi wapatao 200,000 tu. Lango la ukumbi mmoja wa maonyesho hayo lilikuwa limefunikwa kwa mabati, kazi ya Wajukuu Art Project, kikundi cha wasanii wa Lunga Lunga, Mukuru, hapa Nairobi. Mwaka huo huo kikundi hicho kikatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Heshima ilikuja Nairobi. Pesa za vitanda, chakula na nauli zilibaki Kassel.

Lakini sanaa yenyewe inakuzwa hapa nyumbani. Mtu anayesomea sanaa hutafuta chumba anachoweza kukilipia, fundi wa kumtazama mikono na mteja wa karibu. Hayo yote yako Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Buruburu ina chuo chake cha sanaa, BIFA. Kutoka hapo, mwanafunzi ana safari fupi tu hadi Gikomba kwenye vitambaa na mitumba, Kamukunji kwa wafua vyuma, au Kariobangi Light Industries. Majengo ya chuo peke yake hayampi mwanafunzi ujirani wa namna hiyo.

Biashara inayodhihirisha jambo hili zaidi ni ya nganya, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro na muziki. Mwenye gari hununua chesisi, mara nyingi ya Isuzu, kwa mkopo wa benki au wa sacco. Bodi hujengwa na mafundi wa hapa hapa: wa kuchomelea, wa viti, wa vioo, wa nyaya. Kisha huingia mchoraji, halafu mtu wa spika na skrini. Gharama hiyo hurudi kupitia abiria, kwa sababu kijana wa Umoja au Kayole yuko radhi kuiacha matatu yenye nafasi iondoke ili asubiri ile inayovuma. Nayo michoro haidumu. Rangi hupauka, wimbo uliotamba mwaka jana husahaulika, na gari linarudi kwa mchoraji. Ndiyo maana naamini mchoraji wa matatu ana soko la uhakika zaidi kuliko mwenzake anayengoja jumba la maonyesho limwite. Ni mafunzo ya kazi yanayolipa, na ni kivutio ambacho mgeni hakipati kwao.

Serikali, hata hivyo, imeiyumbisha kazi hii. Kanuni za 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilileta mstari wa manjano kwenye matatu badala ya michoro. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea vijana wa michoro, kisha Novemba 2018 misako dhidi ya magari yenye michoro ikarejea. Fundi atakopaje pesa za mashine ya kupuliza rangi ikiwa hajui kama kazi yake itaruhusiwa mwakani?

Muziki nao umetoka humu humu: kundi la Kalamashaka la Dandora katika miaka ya 1990, studio ya Calif Records ya mtaa wa California, kundi la Ethic la Umoja mwaka 2018. Lakini mgeni akiuliza atawaona wapi wasanii wa aina hiyo jukwaani, mara nyingi huelekezwa Westlands au katikati ya jiji.

Hapo ndipo Eastlands inapopoteza pesa, na dawa yake haihitaji jengo jipya. Kumbi za kijamii za Kaloleni, Jericho na Makadara zipo, ni mali ya umma, na ziko karibu na vituo vya matatu. Paa la umma limewahi kufaa hapa: katika miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi iliwajengea mafundi wa Kamukunji vibanda vya kuwakinga jua, na hadi leo mteja wa sufuria au sanduku la bati anajua pa kwenda. Wachoraji na wanamuziki wanastahili paa la namna hiyo.

Kaunti ya Nairobi izifungue kumbi hizo jioni na wikendi, kwa ada ambayo mwanafunzi anaimudu, na wanaosimamia uchukuzi waandike kanuni moja ya michoro isiyobadilika kila waziri anapobadilika. Nawe msomaji, ukipata mgeni, mpandishe matatu namba 58 hadi Buruburu, mtafute msanii anapofanyia kazi, na mnunue kwa bei anayoitaja yeye.