Fomula ya figo na bili ya ubaguzi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa tofauti za afya zinazofuata rangi na asili ziliigharimu Marekani kati ya dola bilioni 421 na 451 kwa mwaka 2018 pekee. Bili za hospitali ni sehemu tu ya fedha hizo. Zimo pia siku za kazi zilizopotea na, zaidi ya yote kwa Wamarekani Weusi, miaka ambayo watu wangeishi na kuzalisha kama wasingekufa mapema.

Hasara hiyo inaonekana waziwazi kwenye figo. Weusi ni takriban asilimia 13 ya Wamarekani, lakini ni karibu theluthi moja ya wanaoishi na figo zilizokufa. Jeni za kurithi zinachangia. Kisukari na shinikizo la damu lisilotibiwa mapema vinachangia mno. Tangu sheria ya 1972, serikali hulipia matibabu ya wengi wa wagonjwa wa figo kupitia bima ya Medicare. Mgonjwa husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Nani atamwajiri? Kumpandikiza figo humrudishia nguvu za kufanya kazi, na baada ya mwaka wa kwanza hugharimu kidogo kuliko mashine.

Linaloniuma ni jinsi foleni ya kusubiri kupandikizwa figo ilivyopangwa. Maabara hupima kreatinini, taka itokanayo na misuli, kwenye damu, kisha hutumia fomula kukadiria uwezo wa figo. Fomula ya 2009 ilizidisha majibu ya mtu mweusi kwa 1.159, kwa dhana kwamba ana misuli mingi zaidi. Mweupe akipata 18, mweusi mwenye kreatinini, umri na jinsia ileile alipata karibu 21. Sharti la kuanza kuhesabiwa muda wa kusubiri ni kupata 20 au chini yake. Mmoja aliingia foleni, mwingine akaambiwa figo zake bado.

Fomula isiyotazama rangi ilitoka mwaka 2021, na mwaka 2023 hospitali za upandikizaji ziliagizwa kurekebisha muda wa walioonewa. Kufikia Machi 2024, zaidi ya wagonjwa 14,000 walikuwa wamerudishiwa wastani wa miaka miwili. Mishahara iliyokosekana katika miaka hiyo haina wa kuirudisha.

Nasi hatuko mbali na jambo hili. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini, uliochapishwa 2022, ulionyesha kuwa fomula za kreatinini huzipa figo sifa zisizostahili, na kuongeza kipengele cha rangi huzidisha kosa. Ukipewa majibu ya figo, muulize daktari maabara imetumia fomula ipi.