Fahamu: Kwa nini mwanafunzi wa Gredi ya 7 Kenya anaomba chupa tupu na makaa

Mzazi wa Kenya mwenye mtoto wa sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ameshazoea. Jioni mtoto anataka chupa tupu ya plastiki, changarawe, mchanga na makaa. Si mchezo huo. Kesho darasani watatengeneza chujio, wamwage maji ya matope juu, kisha wabishane kwa nini yanayotoka chini ni meupe zaidi, na kwa nini bado hayafai kunywewa kabla ya kuchemshwa. Mwalimu huuliza maswali. Majibu hawaandikii ubaoni.

Ndivyo unavyotaka mtaala wa umilisi, maarufu kama CBC. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 7 Januari 2023, na mwaka 2025 likafanya mtihani wa kwanza wa KJSEA, ule wa mwisho wa Gredi ya 9. Mtihani huo hubeba asilimia 60 ya tathmini. 20 hutokana na kazi za shuleni, na 20 na mtihani wa Gredi ya 6.

Mbinu yenyewe ni nzuri. Kinachoiangusha ni mazingira: madarasa haya yamo ndani ya shule za msingi, na nyingi hazina maabara. Walimu wengi waliosomea masomo mawili hulazimika kufundisha zaidi. Isitoshe, miradi mingine hufanywa na baba, au fundi wa mtaani kwa malipo (na mwalimu huijua mara moja).

Mzazi, tafuta vifaa, lakini mkasi mwachie mtoto.