Tope Hutua, Vijidudu Havitui

Kila masika mto wetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Akina mama huchota, huacha ndoo usiku kucha, na asubuhi humimina maji ya juu mtungini. Nyumbani kwangu tulifanya vivyo hivyo miaka mingi.

Masika ya mwaka 2019 watoto wangu wawili waliharisha siku tatu mfululizo. Mganga wa zahanati akaniuliza, “Bwana Karani, mwanywa maji gani?” Nikajibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba maji yetu hulala usiku kucha na asubuhi huwa meupe. “Mliyachemsha?” Nikanyamaza. Kuni zilikuwa zimelowa, nasi tuliyaamini macho yetu.

Aibu yangu ilikuwa kubwa, maana jambo lenyewe nilikuwa nimelifundisha darasani. Hebu nawe ujaribu. Tia konzi ya udongo wa shamba katika chupa ya kioo, jaza maji, tikisa sana, kisha iweke mahali isipoguswa. Mchanga waanguka papo hapo. Udongo laini hutua juu yake pole pole. Lakini maji ya juu hubaki na ukungu hata siku ya pili na ya tatu. Ukungu huo ni mfinyanzi, udongo ule ule wa kufinyangia vyungu.

Mwaka 1851 mtaalamu George Stokes alieleza kanuni yake: chembe ikiwa ndogo mara 10, hushuka polepole mara 100. Katika ndoo yenye kina cha sentimita 30, punje ya mchanga yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita hufika chini kwa nusu dakika hivi. Iliyo ndogo mara 10 yahitaji saa nzima. Iliyo ndogo mara 10 tena, ndiyo ya mfinyanzi, yahitaji karibu siku 4, na hapo asiwepo mtu wa kuchovya kata.

Sasa, vijidudu vingi vya kuharisha vina ukubwa kama wa chembe hiyo ya mwisho, tena ni vyepesi kuliko udongo. Uzito wao wakaribia ule wa maji yenyewe. Basi havitui. Vyaelea katika maji meupe, nawe huvioni.

Je, kutuliza maji ni kazi bure? Hasha. Tope huvificha vijidudu na hupunguza nguvu ya dawa ya maji. Wanawake wa Sudan, kando ya mto Nile, wajua njia ya kuliharakisha: mbegu za mlonge. Chembe za mfinyanzi hubeba umeme wa namna moja, ndiyo sababu zafukuzana na kukataa kutua. Ndani ya mbegu ya mlonge mna protini yenye umeme wa namna nyingine. Huzikamata, zikashikana mabonge, na bonge ni zito.

Chukua mbegu zilizokauka mtini, menya maganda, twanga zile nyeupe. Kwa ndoo ya lita 20 vijiko viwili vya chai vyatosha kwa kawaida. Koroga unga huo na maji safi kidogo, chuja kwa kitambaa, mimina ndooni. Koroga upesi dakika moja, kisha polepole dakika tano au kumi. Funika, acha saa moja au mbili, bila kutikisa.

Vijidudu vingi hushuka pamoja na mabonge hayo, lakini si vyote. Kwa hiyo mimina maji ya juu katika sufuria, uyachemshe mpaka yatokote vizuri. Nayo yanywe siku ile ile, kwa kuwa mabaki ya mbegu huoza ndani yake.

Kuni kavu sisi twaziweka darini tangu kiangazi.