Dereva wa mpakani, siku zako unazihesabu?

Alikuwa mwanafunzi wangu. Siku hizi anaendesha lori kutoka Mombasa, anaingilia Malaba, kisha mzigo ndio humwamulia: Jinja na Kampala, au Tororo, Mbale, Soroti hadi Elegu kuelekea Juba. Mwajiri wake yuko Mombasa, mke na nyumba viko hapa Mbale.

"Mwalimu," aliniuliza, "mimi ni mlipa kodi wa wapi?"

Sisi tuliosomea uhamishoni tumeulizwa sana tu wa wapi, kule na hapa. Afadhali kodi, yenyewe ina kipimo.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ya mwaka 1997 humhesabu mtu kuwa mkazi akiwa na makao ya kudumu nchini, au akikaa siku 183 au zaidi katika miezi 12. Mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, hata ya nje. Basi nyumba ile ya Mbale inamfanya kijana wangu mkazi, hata akilala barabarani mwaka mzima.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo inausamehe mshahara uliopatikana nje ikiwa umeshalipiwa kodi huko. Kwa mwajiriwa wa Kenya, ushahidi ni fomu ya P9 anayopewa na mwajiri. Wengi huiacha ofisini.

Fundo liko kwingine. Kazi iliyofanyika ndani ya Uganda, tuseme Malaba hadi Elegu, ni mapato ya Uganda, na msamaha huo hauigusi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mkataba wa kuzuia kodi mara mbili Novemba 2010, lakini zaidi ya miaka kumi ilipita bila mkataba huo kuanza kutumika.

Aliyeajiriwa Jinja au Mbale ana nafuu: mwajiri hukata kodi kila mwezi na kuipeleka URA ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, mshahara wa shilingi 600,000 ulikatwa 82,000. Posho ya chakula na malazi safarini haikatwi, mradi isizidi gharama yenyewe.

Nilimpa daftari la shule: ukurasa mmoja tarehe za kuingia Malaba, mwingine za kutoka. Wiki iliyopita alirudi na P9 yake. Utingo wake naye alitaka daftari.