Madaraja ya Mawe katika Reli za Bustani

Huko Uingereza, na vilevile Ujerumani na Marekani, wako watu wazima wengi, wenye kazi zao na nyumba zao, ambao hujenga reli ndogo katika bustani na kuendesha magari ya moshi juu yake. Mengine huenda kwa umeme, na mengine kwa moto na mvuke hasa, kama gari kubwa. Upana wa njia yenyewe, toka chuma hata chuma, mara nyingi ni milimita 45, yaani kama inchi moja na robo tatu. Huko Beaconsfield, magharibi ya London, bwana mmoja mwenye kazi ya hesabu, Roland Callingham, alifungua mwaka 1929 mji mzima wa mfano uitwao Bekonscot, wenye reli ya namna hii, na hata leo watu huenda kuutazama.

Msomaji atasema kuwa huu ni mchezo tu. Ni mchezo kweli, lakini daraja lake lina sharia ngumu kama za kazi. Hukaa nje mvuani, huchukua uzito, na hutazamwa kwa karibu na mtu aliyeinama. Likiwa la ubao uliopakwa rangi ya mawe, huoza. Likilegea, gari lililonunuliwa kwa fedha nyingi huanguka pamoja na maji na moto wake. Na likijengwa na mtu asiyejua jinsi tao linavyosimama, hata kama lina nguvu, kila atazamaye huona kuna kosa, ingawa pengine hawezi kulitaja.

Basi yafaa kwanza kulijua tao la kweli. Mawe yake huchongwa kama kabari, mapana juu na membamba chini, yakapangwa juu ya kiunzi cha mbao chenye umbo la upinde. Likiisha kutiwa jiwe la katikati, kiunzi huondolewa. Kila jiwe lataka kuanguka, lakini labanwa na jirani zake. Uzito hupita jiwe hata jiwe, ukisukuma chini na kando pia. Kwa hiyo mwisho wa daraja hapana budi uwe na ukuta mnene au ardhi imara ya kuupokea msukumo huo.

Mfano mzuri ni daraja la Ribblehead, kaskazini ya Uingereza, lililoanza kujengwa mwaka 1870. Wajenzi walikaa mabandani katika nyika ya baridi na upepo, na wengi walikufa kwa ajali na kwa ndui. Lina matao 24, kila moja upana wake futi 45. Urefu wa daraja ni kama futi 1,320, na kimo futi 104. Kila nguzo ya sita ni nene kuliko nyingine, ili tao likianguka, lisivute daraja zima. Magari ya moshi yangali yakipita juu yake.

Sasa tulipunguze kwa kipimo kinachotumiwa na wengi, yaani sehemu moja kwa 22 na nusu. Tao huwa futi 2, kimo zaidi ya futi 4 na nusu, na urefu karibu futi 59. Ni bustani chache ziwezazo kulipokea! Kwa hiyo fundi hupunguza hesabu ya matao, yakawa matatu au matano, na hilo halina ubaya. Kosa ni kupunguza unene wa nguzo, kwa maana jicho hukataa mara moja nguzo nyembamba chini ya mawe mazito. Hali kadhalika jiwe la urefu wa futi 2 huwa inchi moja tu. Mwenye kubandika kokoto kubwa amejenga ukuta wa majitu.

Wako wachongao mawe madogo ya kweli mojamoja, kazi nzuri lakini ya miezi. Wengi humimina zege yenye fito za chuma juu ya msingi wa kokoto zilizoshindiliwa, kisha huipiga lipu ya mchanga sehemu tatu na saruji sehemu moja, unene wa nusu inchi. Husubiri saa chache, mpaka lipu iwe kama sabuni mbichi, ndipo huchora mawe kwa msumari na kisu. Huanza na mawe ya tao. Hufunga uzi penye kitovu cha duara, na kila mstari hufuata uzi huo. Asiyefanya hivyo huchora mistari ya ukuta mpaka ukingo wa tao, na daraja lake huonekana kama karatasi iliyokatwa tundu. Kisha huja safu za ukuta, zilizolala sawa kwa pima maji, viungo vikipishana. Kazi ikiisha hufunikwa kwa magunia mabichi siku kadhaa, isikauke kwa haraka ikapasuka. Mikono nayo ivikwe glavu, maana saruji hula ngozi.

Miamba ya kando huharibu kazi za wengi. Mawe hutupwa juu ya udongo kama viazi katika sinia. Mwamba wa tabaka, kama ule wa mawe ya chokaa, hulala kwa matabaka, na nyufa zake huelekea upande mmoja. Basi kila jiwe lilazwe kwa mwelekeo huo, na theluthi yake izikwe ardhini. Jamaa ya Pulham, mafundi Waingereza wa karne ya 19, walijua sana jambo hili. Walifunika vifusi kwa saruji na kuichonga matabaka na nyufa, na miamba yao iliyo katika bustani ya Battersea, London, hudhaniwa na wapitao kuwa ya asili.

Adui mkubwa huko ni maji yagandayo. Maji yakiwa barafu huongezeka kama sehemu moja katika kumi na moja, na yakiwa ndani ya ufa hupasua hata zege. Kwa hiyo juu ya daraja, chini ya reli, huwekwa mteremko mdogo, na nyuma ya kila ukuta hujazwa kokoto na kuachwa matundu, maji yapate kutoka kabla ya usiku wa baridi.