Daftari la Mauzo na Kodi Yako

Huenda wewe ni fundi cherehani. Au una kibanda cha duka, au unatengeneza baiskeli. Hukuajiriwa na mtu. Mtu aliyeajiriwa hukatwa kodi na mwajiri wake kabla ya kupokea mshahara. Wewe huna wa kukukatia. Kwa hiyo kazi ya kutayarisha kodi ni yako mwenyewe.

Watu wengi huogopa kodi kwa sababu hawajui inavyohesabiwa. Lakini wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo inaweza kukuokolea fedha. Tuone kwa namna gani.

Mauzo siyo faida

Fundi amepokea shilingi 28,000 kwa kushona nguo siku ya gulio. Hayo ndiyo mauzo yake. Alinunua uzi na zipu kwa shilingi 4,500. Kilichobaki ni shilingi 23,500. Bado hajatoa kodi ya chumba.

Katika Tanzania Bara, mfanyabiashara mdogo hutozwa kodi ya mapato kwa kufuata mauzo ya mwaka mzima, siyo faida. Kwa hiyo lazima ujue mauzo yako ni kiasi gani. Kichwa hakiwezi kukumbuka mauzo ya siku 365. Daftari linaweza.

Tupige hesabu

Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka viwango hivi. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hakutozwa kitu. Mwenye mauzo ya zaidi ya 4,000,000 hadi 7,000,000 aliwekewa njia mbili. Asiye na kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000.

Tuchukue mafundi wawili. Kila mmoja ameuza kwa shilingi 5,000,000. Wa kwanza hana daftari. Kodi yake ni shilingi 100,000. Wa pili ana daftari. Hesabu yake ni hii:

5,000,000 – 4,000,000 = 1,000,000
Asilimia 3 ya 1,000,000 = 30,000

Kazi yao ni moja na mauzo yao ni sawa. Lakini mwenye daftari amebaki na shilingi 70,000 mfukoni. Asiye na daftari ana tatizo jingine pia. Afisa wa kodi atayakadiria mauzo yake. Akikadiria juu, fundi huyo atajitetea kwa kitu gani?

Viwango hubadilika. Bunge hupitisha bajeti kila mwaka mwezi wa Juni. Kwa hiyo ulizia viwango vya mwaka huu katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Jinsi ya kujitayarisha

1. Pata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Watu huiita TIN. Hutolewa bure. Sheria inataka uiombe katika siku 15 tangu uanze biashara. Mtu akikudai fedha za namba hiyo, usimpe.

2. Andika kila siku kabla ya kulala. Piga mistari upate sehemu nne: tarehe, maelezo, mauzo, matumizi. Usingoje Jumapili, utasahau. Mteja akikopa, andika deni lake katika ukurasa wa peke yake.

3. Jumlisha kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa Desemba jumlisha miezi yote 12. Hayo ndiyo mauzo yako ya mwaka.

4. Tunza risiti. Ukinunua vitambaa au bidhaa, dai risiti. Ziweke kwenye bahasha moja kwa kila mwezi, mbali na panya na mvua. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.

5. Tenganisha fedha za kazi na fedha za nyumbani. Ukichukua shilingi 2,000 dukani kununua mboga, iandike.

6. Nenda ofisini mapema. Kodi hii hulipwa kwa awamu nne: kabla au ifikapo Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Basi nenda na daftari lako Januari au Februari. Fundi wetu wa kodi ya 30,000 atalipa 7,500 kila awamu. Akiweka akiba ya shilingi 2,500 kila mwezi, awamu haitamtisha. Anayechelewa huongezewa adhabu na riba.

7. Usimpe mtu fedha taslimu mkononi. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo benki au kwa simu. Kisha tunza uthibitisho wa malipo pamoja na risiti zako.

Daftari linakufaa wewe kwanza. Litakuonyesha mwezi gani biashara ilikwenda vizuri, na ni mteja gani bado hajalipa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari leo, uandike tarehe ya leo juu ya ukurasa wa kwanza.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya mauzo na faida?
2. Fundi mwenye daftari ameuza kwa shilingi 6,000,000. Kwa viwango vya mwaka 2019, kodi yake ni kiasi gani? Kila awamu atalipa kiasi gani?
3. Zungumzeni darasani: kwa nini watu wengi hawaandiki mauzo yao? Mnaweza kusaidianaje?