Kusimamia Kompyuta ya Mbali

Mwanachama mmoja, ambaye mwanawe anafanya kazi Itigi, ametuuliza: yawezekanaje kijana aliye huko bara, kwenye Reli ya Kati baina ya Manyoni na Tabora, atunze kompyuta yenye daftari zetu za mizani ya karafuu, nayo iko huku kisiwani?

Kompyuta moja yenye nguvu yaweza kugawanywa kama ghala linavyogawanywa kwa mbao. Kila sehemu huitwa seva pepe; ina nafasi yake, na jirani haingii. Paneli ni programu ambayo kwayo msimamizi huzigawa sehemu hizo, huziwasha na kuzizima kwa kivinjari cha intaneti, awe Itigi au Wete.

Mojawapo ni Proxmox VE, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008 na kampuni ya Vienna, nayo hupatikana bure. Kwanza ruhusuni ugawaji katika mipangilio ya kompyuta yenyewe. Kisha programu huandikwa kwenye flashi, na kompyuta huwashwa kwa flashi hiyo. Utaulizwa diski ya kutumia, nchi, neno la siri na anwani ya mtandao.

Hapo kwenye diski ndipo pa kusimama na kufikiri. Diski utakayoichagua hufutwa yote. Kama daftari za msimu uliopita zimo ndani, zimekwenda, na mkulima anayedai fedha za magunia yake hana tena pa kuonyesha. Basi nakala itolewe kabla, ikae kwenye chombo kingine. Nakala iliyo katika diski ile ile si nakala.

Kazi ikiisha, paneli hufunguliwa kwa anwani ya kompyuta, mlango nambari 8006. Kivinjari kitalalamika kwamba cheti hakijulikani. Ni kawaida, kwa kuwa kompyuta imejitengenezea chenyewe.

Mlango huo usiachwe wazi kwa dunia nzima, maana aliyeingia hapo ameshika funguo za vyumba vyote. Kijana wa Itigi apitie njia ya mtandao iliyofungwa kwa siri, na mbali na neno la siri atakiwe pia nambari ya simuni mwake.

Umeme ukikatika na kompyuta isiwake yenyewe, paneli haitamsaidia. Awepo mtu huku wa kwenda kubonyeza swichi.